Shahada Kubwa na Mlango Mmoja

Idadi ya vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaojipatia shahada ya uzamili, na hata ya uzamivu, inaongezeka, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila malipo, mtoto wa mkulima na wa mvuvi amefunguliwa njia iliyokuwa ya wachache. Sasa amefika mwisho wa njia hiyo, naye anauliza: baada ya hapa, wapi?

Jawabu analopewa, na analojipa mwenyewe, ni moja tu: akasomeshe chuo kikuu. Lakini vyuo vikuu vyetu ni vichache. Hata Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa Sheria namba 8 ya mwaka 1999, hakiwezi kumwajiri kila anayehitimu. Nafasi ya mhadhiri ikishachukuliwa na mtu wa miaka 35, huenda isifunguke tena mpaka ipite miaka 25. Kijana anayeingoja hupata vipindi viwili vitatu vya muda kwa wiki, na siku zilizobaki yumo barazani.

Na huku kazi imelala. Tutazame mwani, ulioanza kulimwa kibiashara hapa kwetu mwaka 1989 na ambao wakulima wake wengi ni kina mama. Mwani mnene, yaani kotonii, ndio wenye bei nzuri, lakini umekuwa ukifa katika maji mafupi kadiri bahari inavyozidi kupata joto. Wengi wamebakia na mwani mwembamba, ambao bei yake ni ndogo. Maradhi ya mwani, joto la maji, kamba na nyavu zifaazo, ukaushaji, bei ya mnunuzi: kila moja kati ya hayo linatosha kumshughulisha mwenye shahada ya pili kwa miaka mingi. Mtafiti Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, hakutosheka na makala za kitaalamu. Mwaka 2006 alianzisha umoja wa wadau wa mwani, akawafuata kina mama pwani kwa nyavu zilizoshonwa kama mfuko mrefu ili walime maji ya kina, na kwa mafunzo ya kutengeneza sabuni. Hiyo nayo ni kazi ya msomi, tena haikumvunjia heshima yake.

Wasiosoma sayansi nao wasidhani wamesahauliwa. Katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na katika shughuli za wakfu, zimo hati za Kiarabu na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa harufi za Kiarabu. Kijana aliyekaa chuoni mbele ya maalimu wake utotoni, kisha akasoma historia hadi uzamili, ana funguo mbili ambazo mgeni kutoka ng'ambo huzihangaikia miaka. Na sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, nani hakuona kwamba Mji Mkongwe unahitaji watu wanaojua chokaa na boriti sawasawa na wanavyojua vitabu?

Lakini si haki kumlaumu kijana peke yake. Ofisi nyingi hutangaza nafasi kwa mwenye shahada ya kwanza. Mwenye uzamivu akijitokeza, huambiwa amesoma kupita kiasi cha kazi, au hupokewa akawekwa daraja lile lile na utafiti wake ukafungiwa kabatini. Na tuseme kweli, wapo wakuu wanaomwogopa msaidizi aliyewazidi cheti. Hiyo ni kasumba, na inatugharimu fedha za umma tulizomsomeshea kijana huyo.

Kwa hivyo Wizara na taasisi zetu za utafiti, ya kilimo ya Kizimbani ikiwa mojawapo, hazina budi kutangaza kila mwaka masuala yanayowasumbua, kabla mwanafunzi hajachagua mada yake na si baada ya kuimaliza. Miundo ya utumishi itaje wazi daraja na mshahara wa mtafiti aliye nje ya chuo kikuu. Walimu wanaosimamia tasnifu nao wamruhusu mwanafunzi akae miezi kadhaa wilayani au kiwandani, wasiihesabu miezi hiyo kuwa imepotea.

Tasnifu yenyewe, ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kubakia maktabani, iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili tatu, upelekwe kwa Sheha wa mahali ulipofanyika utafiti. Mkulima wa Paje au wa Micheweni ajue ni kitu gani kiligunduliwa katika maji yake mwenyewe, na akiona kasoro, aseme.