Nani Aende Warshani?

Neno warsha lilikuwa na maana moja tu kwa baba zetu, nayo ni karakana. Lilikuwa jina la mahali pa nyundo, misumeno na mafuta meusi, palipopelekwa kitu kilichoharibika ili kitengenezwe. Mkokoteni uliovunjika gurudumu ulikwenda warshani. Mtu mzima mwenye viungo vyake vyote hakupelekwa huko. Siku hizi neno hili limepanda cheo. Limehama karakanani likaingia katika kumbi za hoteli, ambamo meza zimetandikwa vitambaa vyeupe na waliokaa ni watu wenye shahada. Miongoni mwa warsha hizi mpya iko moja nitakayoizungumza hapa, nayo ni ile ya kuwaendeleza wanawake watafiti wa sayansi katika kazi zao. Huko hufundishwa namna ya kuandika makala, kuomba ruzuku, kusema mbele ya hadhara, kudai ujira wa haki na kuongoza wenzao. Ni mafunzo mema, wala sitayadharau. Walakini jina la kale lina kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo inatuuliza: katika warsha hii, ni kitu gani kilichoharibika? Ni mwanamke mtafiti, au ni nyumba ya kazi anamotumika?

Mimi nasema ni nyumba. Na mahali pa kuliona jambo hili waziwazi ni Kitui na Makueni kuliko Nairobi.

Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani walianza kuugua ugonjwa wa ghafla. Macho yaligeuka manjano, matumbo yalivimba, na maini yalishindwa kazi. Kufikia Julai wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na katika hao 125 walikufa. Muuaji hakuwa mdudu wala maji machafu. Alikuwa chakula chenyewe. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa kabla ya kukauka yalikuwa yameota kuvu, na kuvu hiyo ilitoa sumu ambayo Kiswahili cha leo kimeipa jina la sumukuvu. Wachunguzi walipolinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za wazima, waliona kwamba wagonjwa aghalabu walikuwa wameyaweka mahindi ndani ya nyumba ya kulala, si ghalani. Sababu yake haikuwa ujinga. Penye njaa ghala la nje ni karamu ya mwizi, na mwenye watoto huona afadhali alale na gunia ubavuni.

Mmoja wa wataalamu waliokifuata chanzo cha mauti hayo na kuitafuta dawa yake ni mwanamke wa Kenya, Dakta Charity Mutegi. Kazi aliyoishughulikia pamoja na wenzake ni ya ajabu kwa wepesi wake. Katika udongo wetu zimo kuvu za ukoo mmoja, nyingine zina sumu na nyingine hazina. Zile zisizo na sumu hukuzwa, zikapakwa juu ya punje za mtama zisizoweza kuota, kisha hutawanywa shambani kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu njema huwahi mahali, na kuvu mbaya hukosa pa kukaa. Dawa hiyo huitwa Aflasafe, na kiwanda cha kuitengeneza kilijengwa katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos. Mwaka 2013 Dakta Mutegi alipewa Tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa mashambani kwa kazi yake juu ya balaa hilo la Ukambani.

Wako wasomi wasemao kwamba sayansi haina mume wala mke, na kwa hiyo mkutano wa wanawake peke yao ni upendeleo. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kuvu haiulizi jina la aliyeiweka chini ya darubini. Lakini swali halijiulizi lenyewe. Huulizwa na mtu, na mtu huuliza juu ya yale aliyoyaona. Katika nyumba nyingi za Ukambani anayeanika mahindi, anayeyapukuchua, anayeyapeta na anayejua gunia lipi lina unyevu ni mama. Baraza la utafiti lisilo na mtu aliyewahi kuishika kazi hiyo laweza kukaa miaka 20 likijadili mbegu na mbolea pasipo kuuliza mahindi hulala wapi usiku. Wala sitaki haki ya mwanamke ijengwe juu ya ghala la mahindi. Msichana wa Mutomo akipenda kuchunguza nyota, na asiijali kabisa kuvu, nafasi yake ni ileile, wala hadaiwi udhuru.

Hesabu yetu ikoje? Mwaka 2008, hesabu zilipokusanywa katika nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, ilionekana kwamba katika kila watafiti wanne wa kilimo mwanamke alikuwa mmoja, na katika kila viongozi saba wa utafiti huo mwanamke alikuwa mmoja. Mwaka huohuo shirika la AWARD lilianza kazi yake Nairobi, kuwaendeleza wanawake wa Afrika walio katika utafiti wa kilimo. Taratibu yake ilikuwa njema kuliko nyingi nilizozisikia. Aliyechaguliwa hakupewa siku tatu za hotuba akaenda zake. Alipewa miaka 2, na mtaalamu mkubwa wa kumshauri, mwanamume au mwanamke, ambaye hukutana naye mara kwa mara. Naye kwa upande wake alitakiwa amshike mkono mwanamke mdogo wake katika kazi, na aende mbele ya vijana, hata mashuleni, awaonyeshe kwamba mwanasayansi aweza kuwa na sura kama ya shangazi yao.

Natoa heshima hiyo mapema, maana wako watu wengine ambao kazi yao ni kucheka. Husema warsha ni chai ya saa nne, wali wa mchana, posho ya safari, cheti cha rangi na picha ya pamoja. Sitawapinga sana. Warsha za namna hiyo ziko, na wanaume wamezihudhuria miaka mingi bila kuulizwa zimezaa nini. Ajabu ni kwamba posho huanza kunuka siku inapoingia katika mkoba wa mwanamke.

Ugomvi wangu ni na wale wanaozipenda warsha hizi kupita kiasi. Wao huamini, au hujifanya kuamini, kwamba mwanamke yuko nyuma kwa sababu hajiamini, hajui kudai na hana ujasiri wa kusema. Basi na afundishwe kujiamini, mambo yatanyooka! Msomaji, mtazame Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya wanyama. Je, huyu alikosa ujasiri? Mwanamke aliyekuja kusimama mbele ya serikali na marungu ya polisi, na akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka uleule wa 2004 wa msiba wa mahindi? Lakini katika chuo hicho yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania haki za kazi zilizokuwa za mwanamume bila ya kuombwa, nyumba ikiwa mojawapo, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mzigo wa mumewe, si mtumishi kamili. Na mwaka 1982 alipojiuzulu ili agombee ubunge, akazuiliwa kugombea, hakurudishwa kazini. Mtu huyu ungempeleka warsha gani? Aliyehitaji somo ni yule aliyeiandika kanuni ya nyumba.

Turudi katika nchi kame tuone jinsi kanuni isiyo na ubaya wowote machoni iwezavyo kumwangusha mtu. Kitui na Makueni hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ya vuli ndiyo itumainiwayo zaidi na wakulima. Mtafiti wa mtama, kunde, ndengu au mahindi hawezi kupanda jaribio lake siku aipendayo. Humngojea mwenye mvua. Sasa mfikirie mtafiti ajifunguaye mwanzo wa Oktoba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, nayo ni sheria njema. Lakini miezi 3 hiyo ndiyo vuli yote. Arudipo Januari shamba limekauka, na jaribio lililotakiwa kurudiwa kwa misimu kadhaa mfululizo limekatika katikati kama uzi. Bila hesabu za msimu huo makala haiandikiki. Bila makala cheo hakiji, na mwenzake aliyekuwa sawa naye amepita. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Kalenda imemdhulumu, na ofisi imetazama. Je, warsha ya kujiamini itanyesha mvua mwezi wa Februari?

Dawa ya jambo hili haina falsafa ndani yake. Ni kumlipa msaidizi wa shambani atakayelipalilia na kulipima jaribio mpaka mwenyewe arudi. Ni kuandika katika kanuni za kupandisha vyeo kwamba msimu wa uzazi hauhesabiwi kuwa msimu wa uvivu. Wenzetu wamefanya hivyo: Baraza la Utafiti la Ulaya limekuwa likimwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto katika muda wa kustahili kuomba ruzuku zake. Hapa kwetu ziko ruzuku zinazoweka mpaka wa umri bila kumuuliza mwombaji miaka yake ameitumiaje. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea kazini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, imekataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa. Sheria tunazo za kutosha. Anayestahili kuulizwa kama amezisoma si mama mwenye mtoto mgongoni.

Liko na jambo la mahali. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Kilianza kuwa chuo kishiriki mwaka 2008, kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Kituo cha utafiti cha Kiboko kiko Makueni, kando ya barabara ya Mombasa, ambako mahindi hujaribiwa yaonekane yapi yatastahimili ukame. Lakini warsha aghalabu huitishwa Nairobi. Mtafiti wa Kwa Vonza mwenye mtoto anyonyaye hana budi kuchagua: amwache mtoto siku nne, ambebe na yaya kwa gharama yake, au asiende. Asipokwenda, huandikwa kwamba wanawake wa pembezoni hawana hamu. Kwa nini wataalamu watano wasisafiri kuja Kitui, badala ya wanafunzi 30 kusafiri kwenda kwao? Kitui si mahali pa kushangaa mwanamke akishika madaraka. Kaunti hiyo ilimchagua Charity Ngilu kuwa gavana mwaka 2017, mwaka ambao Kenya ilipata magavana wanawake kwa mara ya kwanza.

Wala watu wa huko hawahitaji kufundishwa namna ya kukutana. Ukambani ina mwethya, ushirika wa kazi ambao wengi wa watu wake ni wanawake. Ndio waliochimba makinga-maji ya fanya juu katika vilima vilivyokuwa vikimomonyoka, leo shambani kwa huyu, kesho shambani kwa yule. Katika mwethya hapana mgeni rasmi. Kila mtu huja na jembe, na jua likizama tuta limesimama, hata asiyejua kuhesabu hulihesabu. Warsha ya wanasayansi ingefuata desturi hiyo ingekuwa na faida ya kuonekana: mmoja alete makala iliyokwama, wote waiketie mpaka itengenee, kesho yake maombi ya ruzuku ya mwingine, siku ya pili yake jedwali la hesabu lililomshinda wa tatu. Iwapo siku zimekwisha na hapana kazi iliyotumwa kwa mhariri, basi chai ilinywewa bure.

Huo ndio upande wa wanawake, nao ni mdogo. Upande mkubwa ni orodha ya wanaoalikwa. Warsha ijayo ya namna hii itakapotangazwa Kwa Vonza au Kiboko, majina ya kwanza na yawe ya mkuu wa chuo, mkurugenzi wa kituo, wakuu wa idara, mwenyekiti wa kamati ya vyeo na mtunza fedha. Wakae siku mbili na kanuni zao mezani, pamoja na kalenda ya mvua. Watafiti wanawake waje siku ya tatu, wasikilize ni kanuni zipi zimebadilishwa, na tangu tarehe gani.