TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KUHUSU MAGARI MABOVU NA MOSHI MTAANI KWETU



Tangu kikao cha Jumapili nimepokea ujumbe mwingi, mwingine wa heshima na mwingine wa matusi, kwa sababu nilipendekeza tawi liandike barua ya kutoa taarifa ya magari yote yaliyotelekezwa mtaani, na barua hiyo ianze na gari letu wenyewe. Kuna aliyesema nimechoka na Chama. Mwingine, ambaye namheshimu kama kaka yangu, ameniuliza nimetumwa na nani. Sijatumwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, halafu Jumamosi mniamue.

Wote mnakumbuka usiku ule wa masika. Bajaji imembeba mama mwenye uchungu, inakwenda zahanati. Upande mmoja wa njia kuna Hiace isiyo na injini, upande wa pili maji ya mfereji yamepanda hadi magotini. Bajaji ikakwama. Vijana wetu wakambeba yule mama kwenye kiti cha plastiki mpaka barabara kubwa. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu, na tulipongezana sana kwenye grupu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ile Hiace ni ya nani, imekaa pale tangu lini, na kwa nini mfereji ulijaa.

Mfereji ulijaa kwa sababu umezibwa mita chache mbele, na kilichouziba ni pikapu yetu ya matangazo. Limekaa juu ya matofali tangu tulipomaliza kampeni za 2015. Rangi za Chama zimepauka, matairi hayapo, na chini yake chupa na mifuko imejipanga kama ukuta. Kwenye daftari la mali za tawi bado limeandikwa kwa bei ileile tuliyonunulia. Nina stashahada ya uhasibu tu, siyo shahada, lakini hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua gari linapunguziwa thamani kila mwaka. Sisi tumeandika uongo ule kwa miaka yote hii na tukaupitisha kwa makofi, na mimi mwenyewe nimeusaini mara mbili.

Jumanne nilitembea kutoka ofisi ya tawi mpaka zahanati nikiwa na kalamu. Nilihesabu magari 11 yasiyotembea. Manne yako kwenye hifadhi ya barabara kabisa, mawili yako juu ya mfereji. Sikuyahesabu yaliyo kwa mafundi chini ya mwembe yakisubiri mteja alete spea, kwa sababu gari la fundi lina mwenyewe na fundi anamjua. Wasije wakasema Katibu amewatangazia vita mafundi.

Sasa linganisheni. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara. Hapa kwetu meza za nyanya ziliondoka, jiko la mama ntilie likaondoka, na tuliambiwa barabara ni ya kupita watu. Sawa. Yale magari yalibaki pale pale. Mwenye meza ya mita moja alionekana ni kero, mwenye Canter bovu la mita sita hakuonekana. Wala halipi kitu: mwaka wa fedha 2017/18 ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa, na shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Nafuu ilikuwa kweli na niliifurahia, lakini matokeo yake ni kwamba anayetembea analipia barabara kila anapojaza mafuta, naye aliyelaza chuma chake juu ya mfereji wa umma halipi hata senti wala haulizwi.

Wapo wanaosema hatuna sheria. Si kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na imeweka kamati za mazingira mpaka ngazi ya mtaa. Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda hifadhi ya barabara. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria ya 1982. Kinachokosekana ni taarifa iliyoandikwa. Kulalamika kwenye grupu siyo taarifa, na kumpigia simu Mtendaji siyo taarifa pia, maana kesho atasema hakukusikia vizuri. Taarifa ni karatasi yenye namba ya gari, mahali lilipo, limekaa tangu lini na linaziba nini, pamoja na picha. Unaipeleka nakala mbili ofisi ya Serikali ya Mtaa, moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo. Gari likiwa limenyofolewa vibao, tafuteni namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma. Kumbukumbu za usajili ziko TRA, na mwenye mali anaweza kupatikana hata kama amehamia mkoa mwingine.

Na hapo ndipo penye woga wetu, tuseme ukweli. Kadi ya pikapu yetu bado ina jina la yule aliyetuuzia. Hatukuhamisha umiliki. Barua yangu ikifika, atakayeitwa ni mzee wa watu ambaye alituuzia kwa nia njema, halafu atatutaja. Ndiyo maana baadhi ya viongozi wanataka suala hili lizimwe kimya kimya. Mimi nasema bora tujitaje wenyewe kabla hatujatajwa.

La pili ni moshi, ambalo limewaudhi wengi zaidi. Naambiwa: "Katibu, madereva wa daladala na Canter ni kura zetu, achana na moshi." Ndugu zangu, nani anayeuvuta huo moshi? Ni konda anayening'inia mlangoni, ni dada wa chipsi pale kituoni, ni bodaboda anayesubiri nyuma ya ekzosi. Hao siyo kura?

Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua yote: nozeli zimechoka, pampu haijapimwa, au chujio la hewa limeziba. Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua, mara nyingi ringi zimekwisha. Na tusisingizie mafuta machafu kama zamani, kwa sababu tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Viwango vya moshi wa magari navyo tunavyo katika nchi hii tangu 2007. Kipimo chenyewe siyo muujiza. Kwa dizeli, mrija unaingizwa kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, na mashine inasoma ni kiasi gani cha mwanga kinazuiwa na moshi. Inatoka namba.

Gari langu dogo limewahi kubandikwa stika ya usalama kwenye kioo baada ya kuangaliwa taa, matairi, breki na wipa. Vyote ni muhimu. Hakuna aliyeingiza kitu kwenye ekzosi. Moshi unapopimwa kwa macho, dereva ndiye anayeumia. Anasimamishwa, anaambiwa gari lako linatoa moshi, na faini ya 30,000 inatoka mfukoni mwake wakati jioni hesabu ya tajiri iko palepale. Tajiri aliyekataa kununua nozeli hajui hata kama gari lilisimamishwa. Ninachotaka tawi lidai kwa diwani wetu ni mashine ipatikane, namba iandikwe kwenye karatasi yenye jina la mmiliki, mmiliki apewe muda wa kutengeneza, na gari lipimwe tena. Anayetaka faini ya macho iendelee ndiye adui wa madereva, siyo mimi.

Jumamosi saa 10 jioni tukutane ofisi ya tawi. Kila mwanachama aje na namba ya gari bovu lililo karibu na kwake, hata kama ni la shemeji yake. Mweka hazina aje na daftari la mali. Nitaleta bei za wanunuzi watatu wa chuma chakavu kwa ajili ya pikapu, tuchague mbele ya watu wote. Yule mzee aliyetuuzia nimeshampigia simu. Amekubali kuja na kadi, na ameomba nauli yake irudishwe. Nitailipa mimi, risiti nitaiweka kwenye faili.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi