Kabla ya Kuuhukumu Muziki, Tujifunze Kuupiga

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, alifariki dunia tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya onesho la mwisho la bendi hiyo katika uwanja wa Villa Park. Habari zilipotufikia, baadhi ya wenzetu, na hata waamini kadhaa parokiani, walisema bila kusita kwamba mtumishi wa shetani amekwenda kwa bwana wake. Tulipowauliza ni wimbo gani wa bendi hiyo wamewahi kuusikiliza mpaka mwisho, hawakuwa nao.

Kanisa limetangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kwamba yuko motoni. Tena Katekisimu, namba 2477, inataja hukumu ya harakaharaka miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya nane: kulichukua kosa la jirani kuwa la kweli bila msingi wa kutosha. Sisi tunaotarajia kesho kuketi kwenye kiti cha maungamo tunapaswa kuiogopa dhambi hiyo kuliko wengine. Ndiyo maana tunasema kwamba anayetaka kuuhukumu muziki wa hevi metali kwa haki ni lazima kwanza auingie, na mlango mmoja wa kuuingia ni kujifunza kuupiga.

Hoja hii ni ya zamani. Aristoteli, katika kitabu cha nane cha Siasa, anauliza kwa nini vijana wajifunze kupiga muziki wao wenyewe wakati wanaweza kuwasikiliza wapigaji hodari. Anajibu kwamba ni vigumu mtu asiyeshiriki kuwa mwamuzi mzuri. Kwa hiyo wajifunze wakiwa vijana, na wakikua waache wakibaki na uwezo wa kupambanua. Mwalimu wake Plato alikuwa mkali zaidi, kwa kuwa katika Jamhuri aliziondoa mjini tuni za maombolezo na za ulegevu. Lakini hata yeye alizitaja moja baada ya nyingine. Alikijua anachokikataza.

Basi baadhi yetu tumekuwa tukichukua gitaa kavu wakati wa mapumziko na kujifunza wimbo unaobeba jina la bendi yenyewe. Ndio wa kwanza katika albamu yao ya kwanza, iliyotoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Kifungu chake kikuu kina noti tatu. Unapiga noti ya chini, unaipiga tena oktava moja juu, kisha unashuka mpaka katikati kabisa ya hizo mbili, nusu-hatua sita kutoka kila upande. Wapigaji hukiita kifungu cha namna hii rifu. Msikilizaji wa rumba atakumbuka sebene, ambapo gitaa hurudia kifungu kilekile na wimbo wote unakitegemea. Tofauti ni kwamba hapa mwendo ni wa polepole sana. Vidole hujifunza noti hizo kwa dakika tano, lakini kuushika mwendo huo bila kukimbia kunachukua wiki.

Noti ile ya katikati ndiyo iliyozaa maneno mengi. Watu husema ni "sauti ya shetani" na kwamba Kanisa liliipiga marufuku. Marufuku hiyo ni hadithi tu. Wanakwaya wetu wanaosoma sol-fa wanaijua nafasi hiyo vizuri, kwa sababu ni ileile iliyo kati ya f na t. Kila kwaya inapoimba kodi ya s-t-r-f kabla ya kumalizia kwenye d, inaimba nafasi hiyo mbele ya altare. Kinachotupa utulivu ni kwamba t hupanda kwenda d, na f hushuka kwenda m, kila sauti ikafika nyumbani. Katika wimbo wa Black Sabbath sauti haifiki nyumbani. Inaning'inia, kisha kifungu kinaanza upya. Ukiupiga mwenyewe unaelewa kwa nini unaleta hofu, na unaelewa pia kwamba hofu hiyo ina kazi, kwa sababu maneno yake ni ya mtu aliyeona umbo jeusi na sasa anamlilia Mungu amsaidie. Nalo jina la bendi lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Mario Bava.

Gitaa pia lilitufundisha kumheshimu mpigaji. Tony Iommi alikuwa na umri wa miaka 17, siku yake ya mwisho ya kazi katika kiwanda cha mabati, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, hivyo mkono huo ndio unaobana nyuzi. Msimamizi wake wa kazi alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, aliyepiga gitaa kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza vifuniko vya vidole na kuvivika ngozi. Akatumia nyuzi nyembamba na baadaye akazilegeza ili zisimwumize. Uzito ule ambao wengine huuita wa kishetani una mizizi katika jeraha la kijana mfanyakazi aliyekataa kukata tamaa. Mwaka 2017 Iommi huyohuyo alitoa wimbo wa kwaya kwa ajili ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Birmingham, wenye chimbuko katika Zaburi ya 133.

Hatusemi kwamba yote ni mema. Albamu yao ya mwaka 1971, Master of Reality, inaanza na wimbo wa kusifia bangi. Unaofuata, After Forever, unamuuliza msikilizaji kama amewahi kuifikiria roho yake na kifo, na kama anaogopa kuchekwa na marafiki wakijua anamwamini Mungu. Geezer Butler, aliyeandika mashairi mengi ya bendi, alilelewa katika familia Katoliki yenye asili ya Ireland. Ngano na magugu vimekaa katika shamba moja, vikipakana. Atakayechoma shamba zima atachoma na ngano, na atakayemeza kila kitu atavuta bangi. Ulevi ulimtesa Ozzy mwenyewe kwa miaka mingi, na vijana wetu wanapaswa kuambiwa hilo wazi.

Kuna pingamizi zito zaidi. Kardinali Joseph Ratzinger, katika kitabu chake kuhusu roho ya liturujia cha mwaka 2000, alionya kwamba muziki wa roki katika mikusanyiko mikubwa huchukua sura ya ibada inayopingana na ibada ya Kikristo, pale mtu anapojipoteza katika umati, kelele na mdundo. Tunalipokea onyo hilo. Muziki huu hauna nafasi katika Misa, na hatuombi upewe. Lakini tuangalie hatari aliyoionesha iko wapi: iko katika kujipoteza. Anayejifunza kuupiga hufanya kinyume chake. Anakaa peke yake, anahesabu, anarudia, anasikiliza kosa la kidole chake. Akili yake iko macho, na mwenye akili iliyo macho anaweza kuchagua.

Ndugu wasomaji, kijana mwenye fulana nyeusi atakuja parokiani, kama hajafika bado. Tukimpokea kwa kumwambia kwamba ni wa shetani, atajua mara moja kwamba hatukijui tunachokisema, na siku tutakapomweleza juu ya Ekaristi atadhani ni vilevile. Tukimwambia, "Tuupige pamoja huo wimbo, kisha tuzungumze maneno yake," tumepata saa nzima ya katekesi.

Tunapendekeza basi kwamba yeyote atakayeandaa semina ya vijana kuhusu muziki mbaya ajifunze kwanza wimbo mmoja kati ya hizo anazozikataza, mpaka mwisho. Naye Ozzy tumwombee, kama tunavyowaombea marehemu wote, na hukumu yake tumwachie Mungu.