Kabla Hujakimbilia Kununua Mota Nyingine

Wadau, nisameheni kwa ukimya wa wiki nzima. Habari za mjini zimenibana, na jioni zote nimezimalizia uani kwa rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, tukiitazama mashine ya kutotolesha vifaranga ikikwama. Mimi mwandishi wa gazeti, mambo ya nyaya si fani yangu. Lakini kuna jambo limeniudhi na leo nalisema.

Mashine yenyewe ni boksi la plaiwudi, balbu za joto, feni, kipima joto cha DS18B20 na bodi ya Arduino Uno. Ndani kuna mota ya hatua, ile isiyozunguka kwa mserereko bali hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Inasukuma trei iinamie upande huu, saa moja baadaye iinamie upande wa pili. Yai la kuku lisipogeuzwa, kiini kinachokua hunata kwenye utando wa ganda na kufa. Katika siku 21, trei inatakiwa igeuke zile 18 za mwanzo. Ya kwake iligeuka nusu, kesho yake robo, mwisho ikabaki imelala upande mmoja. Mayai 60 yakaoza. Hela ya mayai ilikuwa ya mama yake.

Akafanya nini? Kile tunachofanya wote: Kariakoo. Akabadilisha draiva ya mota. Tatizo lile lile. Akabadilisha mota, "hizi za Kichina feki bwana". Lile lile. Akanunua pawa saplai kubwa zaidi. Hebu fikiria, pesa aliyotumia ingetosha kununua mayai mengine na chenji ikabaki.

Kila mtu aliyepita pale uani aliuliza *nini* kimeharibika. Sisi waandishi tunafundishwa maswali mengine pia, nami nikauliza la kijinga: inakwama *lini*? Tukakaa kimya tukasikiliza. Trei huchukua kama nusu dakika kugeuka, na ndani ya nusu dakika ile mota ilinguruma kila baada ya sekunde 5. Si 4, si 7. Waya uliolegea hauna saa, jamani. Hitilafu inayotunza muda namna hiyo unaitafuta kwanza kwenye programu.

Na kila sekunde 5 programu ilikuwa inafanya nini? Inasoma joto. Kipima joto hicho kikipima kwa usahihi wake wa juu huhitaji hadi milisekunde 750 kutoa jibu, na programu yake ilikuwa inasimama kulisubiri, mikono imefungwa. Mota ilipangiwa hatua moja kila milisekunde 5. Piga hesabu: hatua karibu 150 zimepita hakuna aliyezipiga. Programu ikizinduka inaona ina deni, inalilipa lote kwa mkupuo. Mota ni chuma, haiwezi kuruka hivyo. Inanguruma na kusimama. Kibaya zaidi, bodi haina macho: inahesabu hatua ilizoagiza, si zilizopigwa. (Taarifa za namna hiyo nazijua, huwa naletewa kwenye bahasha za semina.)

Hata kupima kwetu kulituchezea. Tulianza kwa kuiamuru bodi iandike muda kwenye kompyuta kila hatua, kwa kasi ya 9600. Kwa kasi hiyo herufi moja hula takriban milisekunde 1. Sentensi ya herufi 30 ni muda wa hatua 6! Tukawa tunapima ugonjwa kwa sindano yenye ugonjwa. Baadaye tukaiambia ikumbuke tu muda mrefu kuliko wote, iutaje trei ikishasimama.

Dawa haikugharimu hata senti, isipokuwa swichi moja ndogo. Joto linaagizwa, programu inaendelea na shughuli zake, kisha inarudi kuchukua jibu. Hatua za mota amekabidhiwa taima wa ndani ya maikrokontrola, ambaye wakati ukifika anakatiza kazi nyingine. Zikichelewa, hazilipwi kwa mkupuo. Ile swichi imewekwa mwisho wa trei ili kila mgeuko uanze kuhesabu upya mahali panapojulikana.

Sasa ninachotaka kusema. Huyu jamaa ana digrii ya mambo haya. Nilimuuliza kwa nini hakuanzia kwenye programu. Akanijibu kwamba miaka yote chuoni walipewa saketi inayofanya kazi, wakaandika ripoti kuwa inafanya kazi. Hakuna siku aliyopewa mbovu akapata maksi kwa kugundua ubovu. Mtu wa namna hiyo utamlaumu vipi akikimbilia duka la spea? Mimi ningekuwa mhadhiri, mtihani wa mwisho ungekuwa bodi moja mbovu kwa kila mwanafunzi, na mlango wa duka umefungwa.

Najua wengine mtasema kuna vifaa feki kweli, na mkondo wa draiva usiposetiwa vizuri mota pia hupoteza hatua. Sawa kabisa. Ila pima kwanza ndipo ufungue pochi.

Mayai mapya yako siku ya 11. Jana usiku nilipita, trei ikageuka mpaka mwisho bila kunguruma. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na tochi, akaniuliza kama na mimi nimekuja kubadilisha kitu.