Majina ya vyombo vya ndege



Kule Kilambo, karibu na Walikale, watu walizoea kuona ndege ndogo zikitua juu ya barabara ya lami, kupakia kasiterite ya Bisie na kurudi Goma. Lakini vyombo vya umeme vilivyo mbele ya rubani, sisi tunaviita vyote "radio". Tunasema: hapana, hiyo haitoshi.

Tutoe mfano. Kwa somo la fizike tulitafsiri altimetre "kipima-urefu", na mwalimu akakubali. Kumbe ndani ya ndege kunaweza kuwa aina mbili. Ya kwanza inapima uzito wa hewa, nayo inahesabu toka usawa wa bahari. Ya pili inatupa mawimbi ya radio chini, inangoja yarudi, nayo inahesabu toka udongo ulio chini ya ndege. Kwetu hapa tofauti ni kubwa kabisa. Goma iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, Nyiragongo mita 3.470. Rubani akisoma mita 3.000 kwa ile ya kwanza, na mawingu yamefunika, volkano bado inamupita kimo! Jina moja kwa vyombo viwili, hapo ni hatari. Sisi tunachagua "kipimo cha bahari" na "kipimo cha udongo". Mwenye kuona bora zaidi, alete.

Na "kisanduku cheusi" je? Kinapakwa rangi ya machungwa, ili kionekane haraka kisha ajali. Tuseme "kisanduku cha kumbukumbu", basi.

Wako wenzetu wanaosema Kifaransa kinatosha, maana rubani hasemi Kiswahili na munara. Ni kweli. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba alama za GPS zilivurugwa katika Kivu ya Kaskazini, ikawa hatari kwa ndege, hata zile za misaada. Alama hizo zinatoka kwa setilaiti zilizo juu karibu kilometa 20.000. Zinafika kwetu zikiwa zaifu, hata mashini ndogo ya huku chini inaweza kuzifunika. Mgonjwa wa Masisi anayengoja dawa, jambo hilo linamuhusu sawa na rubani.

Wakati wa likizo tulijaribu kumweleza mzee mmoja. Tulisema "bruyaje", yeye akasikia "bruyare", akatujibu: "Wanangu, siku zile ukungu haukuwako." Tukarudilia: walivuruga mawimbi. Hapo akauliza mara moja: "Ni nani aliyeyavuruga?"