Rubani wa sekunde mbili
Krismasi ya 1977 kampuni ya vitu vya kuchezea ya Kenner, ya Cincinnati, Marekani, iliuza maboksi yasiyo na sanamu: watoto walipata hati ya ahadi, kwamba sanamu za wahusika wanne wa filamu ya Star Wars zingefika kwa posta mwaka uliofuata. Wengi bado huwinda maboksi hayo, na sina ugomvi nao. Ninaowahusudu ni mafundi wa nyumbani wanaounda wahusika ambao kiwanda hakikuwatoa. Hulainisha plastiki kwa maji ya moto, hung'oa kichwa na kukipachika kwenye kiwiliwili kingine, hufinyanga joho, kisha hupaka rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, maana rangi nzito hufuta macho na midomo. Rubani aliyepita kwenye filamu sekunde mbili hupata mwili kwa sababu mtu mmoja alimpenda.