Ekografi ya moyo isingoje mtu apooze

Moyo ukipiga ovyo bila mpango, damu inaweza kutuama na kuganda ndani ya chumba chake cha juu, upande wa kushoto. Donge likipanda kwenye ubongo, mtu anapooza. Hatari hiyo ni karibu mara 5 ya kawaida. Siyo uchawi.

Ekografi inaonyesha kama chumba hicho kimepanuka, au kama valvu imekuwa nyembamba kwa sababu ya ugonjwa wa koo usiotibiwa utotoni. Hapo warfarini ndiyo dawa inayofaa zaidi. Lakini picha nzuri peke yake haitoshi: umri na shinikizo la damu vinahesabiwa pia.

Serkali ipeleke mashine na wanaojua kuzitumia katika hospitali kuu za rufaa, hata vijijini. Nawe usingoje mdomo upinde ndipo upimwe.